Mzee hawezi kuamka mwenyewe: abaki kijijini, aje kwako Mwanza, mtafute mtu wa kulipwa, au makazi ya wazee?

Hii ni kwa wale ambao mzazi katoka wodini juzi akiwa kapooza upande, au bibi kaanza kupotea njia ya kisimani, au mdogo wenu alianguka na bodaboda na miguu haimtii tena, afu grupu la ukoo la WhatsApp limechafuka. Kaka mkubwa yuko Geita anasema mleteni mjini, dada anasema mzee hatoki nyumbani kwake kijijini, mwingine anaandika "tutachangia" na hiyo tutachangia haina tarehe wala kiasi. Wiki inapita mzee bado yuko kwenye godoro la sebuleni kwa aliyekuwa karibu na hospitali, na huyo aliyekuwa karibu ndo anageuka kuwa "mhusika" bila kikao chochote.

Nimeona watu wengi huku kwetu wanaamua kwa hela na aibu, yani bei gani na watu watasemaje. Mi nawaambia angalieni mambo matatu kwanza: njia ya kufika mlangoni, nani anaamka usiku, na nani atamwogesha. Ukishajibu hayo, mara nyingi hata hela zenyewe zinajipanga.

Anaweza nini kwa sasa?

Hapa msidanganyane kwa huruma. Akiwekewa mto anakaa mwenyewe? Anaweza kujivuta mpaka chooni? Anakunywa chai bila kukohoa? Anajua sasa hivi ni mchana au usiku? Mzee wa fimbo na mzee wa kugeuzwa ni habari mbili tofauti kabisa, msije mkasikia jirani anasema "sisi wetu tulimwacha kijijini na yuko safi" mkaiga wakati wa kwake anaenda kilabuni kwa miguu yake.

Asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi, maana ngozi ya kiunoni, kwenye makalio na visiginoni ikikaliwa muda mrefu damu haifiki inaanza kufa, ndo vile vidonda vya kulala. Vinaanza kama wekundu tu au weusi uliokolea, mkizembea muda si mrefu unaona shimo. Sasa piga hesabu ya usiku mmoja: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Hizo ni zamu, na zamu hazifanywi na mtu mmoja miezi sita mfululizo hata awe na upendo wa namna gani.

Na hiyo ya kukohoa kila akinywa msiipuuze, chakula kinaingia njia ya hewa kinaenda kwenye mapafu. Huyo hatakiwi kulishwa amelala, na anayemlisha awe ameonyeshwa wodini namna ya kumlisha kabla hamjasaini karatasi ya kuruhusiwa. Mkiwa bado wodini ombeni muonyeshwe vyote, kumgeuza, kumhamisha toka kitandani kwenda kwenye kiti, kumsafisha. Ukishatoka getini hakuna wa kukufundisha.

Njia ya mlangoni

Mwanza hii ya mawe tunaipenda kwenye picha. Ila ukiwa na mgonjwa wa kubeba ndo utajua nyumba yako iko wapi. Mabatini, Igogo, Bugarika, Isamilo kule juu, kuna nyumba bajaji inakuacha barabarani unapanda ngazi za mawe, unapita uani kwa watu wawili, unainama chini ya kamba ya nguo, unaruka mtaro ndo ufike kwako. Siku ya kliniki wanatafutwa vijana wanne, mzee anakalishwa kwenye kiti cha plastiki, wawili mbele wawili nyuma, anashushwa huku amefumba macho na kukumbatia shingo ya kijana asiyemjua, watoto wa mtaa wamesimama wanaangalia. Wale vijana unawapa ya soda, na jioni kumpandisha tena. Kiti cha magurudumu mlichonunua kwa kuchangishana kinakaa kimekunjwa nyuma ya mlango.

Kwa hiyo ukiniuliza kati ya nyumba yako nzuri ya mlimani na chumba kimoja cha kupanga Buswelu, Kisesa au Usagara ambapo bajaji inaingia mpaka kwenye kibaraza, kwa mgonjwa wa kubebwa mi nachagua kile chumba. Kuna familia wanahama kabisa kwa ajili ya hilo na hawajutii.

Kijijini ardhi mara nyingi inakubali. Kwimba, Magu, Misungwi sehemu kubwa ni tambarare, uwanja mpana, mzee anatolewa asubuhi anakaa chini ya mwembe. Shida inakuja kwenye umbali, na masika barabara ya vumbi inageuka tope la mfinyanzi hata pikipiki inakwama. Wa Ukerewe na visiwa vidogo ndo kabisa, kuumwa usiku hadi kuhitaji hospitali ya Mwanza kuna maana ya kusubiri chombo cha asubuhi, na ziwa likichafuka unasubiri zaidi. Wa Sengerema na Geita angalau wamepumua, tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamna tena ile ya kukaa na mgonjwa kwenye foleni ya kivuko. Zile kilomita tatu hivi zimewafanya ndugu wengi wa ng'ambo wakubali mzee abaki kwake, kwa sababu hospitali ya Bugando imekuwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kuoga na choo, hapa ndo familia zinavunjika

Hili halisemwi kwenye kikao, linasemwa jikoni. Baba mkwe kaja kwa kijana wake, kijana anatoka saa kumi na mbili asubuhi anarudi saa mbili usiku, nani anabaki? Mke wake. Sasa mkwe amwogeshe baba mkwe? Kwa Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, nenda popote huku kanda ya ziwa, hiyo ni aibu kwa wote wawili, mwingine mkwe hata kuingia chumba alicholala baba mkwe haingii. Mzee anaona afadhali akae na uchafu mpaka kijana arudi kuliko aombe. Unakuta anakataa kunywa maji mchana ili asikojoe, afu mnashangaa mbona mkojo mweusi, mbona anachanganyikiwa, kumbe ni maji tu.

Ukimlinganisha na yule wa kijijini, kule mara nyingi kuna mjukuu wa kiume au mdogo wake baba ambaye kumshika mwilini sio mwiko. Hiyo ni faida kubwa mno na haionekani kwenye bajeti. Kwa mama ni rahisi kidogo, binti yake anamwogesha mjini au kijijini, ila binti naye ana mume wake, na shemeji akikaa kimya msidhani ameridhia, ongeeni naye.

Choo nacho. Cha kuchuchumaa ndo kipo kwenye nyumba nyingi, mjini na kijijini, na mtu aliyepooza upande hachuchumai. Msinunue vitu vya gharama haraka, nendeni kwa fundi seremala awatengenezee kiti kizito cha mbao chenye tundu katikati na sehemu za kushikia mkono, ndoo inakaa chini, ukitaka unakiweka juu ya tundu la choo chenyewe. Kwenye nyumba ya kupanga ambayo choo kimoja kinatumiwa na wapangaji sita, hicho kiti chumbani ndo kitakachowaokoa.

Pampasi za wakubwa: tatu mpaka nne kwa siku ni 90 mpaka 120 kwa mwezi, ulizeni bei ya pakiti afu mgawanye, msishtuke. Wengi wanaishia kutumia pampasi usiku tu, mchana vitambaa na nailoni ya kutandika juu ya godoro. Sio vibaya ili mradi vinabadilishwa.

Mtu wa kulipwa

Kuna aina tatu na watu wanazichanganya.

Kwanza ndugu anayelipwa. Binamu, mtoto wa shangazi, yuko tu nyumbani, mnamwambia kaa na bibi tutakutumia kila mwezi. Huyu ndo chaguo langu la kwanza akipatikana mwaminifu, kwa sababu anajua mila za nyumbani na mzee hamuonei haya sana. Ila mlipeni kweli! Hii ya kumwachia binti aliyeachika kwa sababu "si yupo tu", au kumtoa mjukuu wa kike shule ya sekondari akae na bibi, mnaita bure lakini mnalipa na maisha ya mtu. Na hela isipitie kwa kaka anayekaa senta, itumwe kwenye simu ya anayeamka usiku.

Pili dada wa kazi. Hapa kosa la kawaida ni kumrundikia, apike, afue, apeleke watoto shule, afu na mzee wa kugeuza juu yake. Atakaa miezi miwili ataondoka usiku bila kuaga na utamsema vibaya mtaani. Kazi ya mgonjwa wa kitandani inajitosheleza yenyewe. Na mkumbuke ni mfanyakazi kwa sheria, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, siku ya kupumzika kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kama kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Hicho kilikuwa kima cha chini cha kupika na kufua, cha sasa kiulizieni, na kwa anayesafisha mgonjwa nyie wenyewe mjiulize kama mngeikubali hiyo kazi kwa hela hiyo.

Tatu mwenye ujuzi, nesi mstaafu au aliyesoma uuguzi hajapata ajira, wapo wengi mjini. Huyu kumlaza kwako mwezi mzima ni gharama, lakini sio lazima. Aje mara mbili tatu kwa wiki aangalie ngozi, asafishe kidonda kama kipo, abadilishe mpira wa mkojo, apime presha na sukari, amuelekeze yule anayeshinda na mgonjwa. Ndugu wa kulipwa pamoja na nesi wa kupita ni mchanganyiko unaowezekana kwa familia nyingi za kipato cha kati, na kwa maoni yangu unampita yule "mtaalamu" mmoja ghali ambaye mnamtegemea kwa kila kitu.

Wa kiume wa kumhudumia baba ni wachache. Anzeni kutafuta mapema, ulizeni wodini kwa wale vijana wanaoshinda wakiuguza ndugu zao, ulizeni kanisani, msikitini.

Kuhusu usalama, mtu yeyote awe ndugu au mgeni anaweza kumtesa mzee asiyeweza kusema. Fika bila taarifa, saa za ajabu. Angalia michubuko kwenye mikono sehemu za kushikwa, angalia kama mzee anasinyaa akisikia sauti ya huyo mtu, angalia kucha na meno, na mto unanuka nini. Kamera ya simu mkiweza sawa, lakini kamera haigeuzi mtu.

Hospitali, kadi na dawa

Mjini umeshinda hapa, hakuna ubishi. Bugando ni hospitali ya kanda, Sekou Toure ni ya rufaa ya mkoa, na mazoezi ya viungo yanapatikana. Na kwa kiharusi ile miezi mitatu ya mwanzo ndo mwili unarudisha vitu vingi, mkono unaokaza na mdomo uliopinda vinahitaji kufanyiwa kazi mapema, mkichelewa vinakakamaa. Kwa hiyo kumrudisha mzee kijijini wiki ya kwanza "akapumzike" wakati hajaonyeshwa hata zoezi moja, mi siungi mkono.

Serikali inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, hiyo ni tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, na wazee wasiojiweza wanatakiwa kutibiwa bila malipo vituo vya serikali. Ila hii haiji yenyewe, lazima atambuliwe, mnaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, afu afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ndo apate kitambulisho. Na kumuona daktari bure haimaanishi dawa zote zipo, mara nyingi unaandikiwa ukanunue nje, wekeni fungu la dawa za presha na sukari pembeni kabisa lisiguswe.

Kama mmoja wenu ni mtumishi na anakatwa NHIF (bima ya afya ya taifa), kwenye wategemezi wake wazazi wanaruhusiwa, angalieni kama nafasi ipo kabla hamjaanza kuchangishana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023, kwa hiyo ulizeni ofisi ya bima mpangilio wa sasa ukoje, msitegemee maneno ya jirani.

Mzee mwenyewe kama ni mstaafu wa PSSSF au NSSF, hakikisheni uhakiki wake umefanyika, yani pensheni inaweza kusimama kwa sababu tu hamna aliyekumbuka. Wengine wanauliza pensheni ya wazee wote kama ya Zanzibar, ile walianza 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea, huku bara hatuna. TASAF ipo ila inaangalia kaya maskini, sio umri peke yake.

Upweke, na maneno ya watu

Mama aliyekuwa anaamka alfajiri anapalilia viazi, anaanika michembe (viazi vya kukausha), anasalimiwa na kila apitaye njiani, ukimleta mjini ukamweka chumba cha nyuma na TV ya Kiswahili cha haraka anazimika. Anaanza kusema nirudisheni kwetu, mnadhani ni ukaidi. Na yule anayesahau sahau ndo mbaya zaidi, mazingira mapya yanamvuruga, kijijini anajua mti ulipo na choo kilipo hata kama hajui leo jumangapi, mjini anatoka getini anapotea. Mzee wa hivyo aachwe panapofahamika, mlete mtu kwake.

Kuna upande mwingine wa kijiji ambao lazima tuuseme. Usukumani bibi mjane anayeishi peke yake, macho yamekuwa mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, bado anaweza kunyooshewa kidole mtoto wa jirani akiugua. Vikongwe wameuawa kwa hilo, tunajua wote, na mara nyingine nyuma yake kuna ugomvi wa shamba ndani ya familia yenyewe. Ukisikia maneno yameanza, hata kwa utani kwenye pombe, hapo kulinganisha kumeisha, mtoe bibi siku hiyo na mtoe taarifa. Hata kama hakuna maneno, bibi asilale peke yake kwenye kaya, na baraza la wazee la kijiji wajue nani anamtunza na namba yake.

Makazi ya wazee

Wengi wanauliza kama kuna mahali pa kulipia mzee akatunzwa kama wanavyoona kwenye sinema za Ulaya. Kwa Mwanza tunayo makazi ya serikali Bukumbi, wilaya ya Misungwi. Kanda yetu kuna pia Kolandoto Shinyanga, Nyabange Mara na Kilima Bukoba. Hizi zimewekwa kwa wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza, na kuingia ni kupitia ustawi wa jamii baada ya kuthibitishwa. Kwa hiyo wewe mwenye ndugu sita, wawili na magari, usiende pale ukategemea kumwacha mama, watakuuliza majina ya watoto na watakupigia simu.

Lakini kwa yule mzee wa jirani anayelala kwenye kibanda cha maboksi karibu na soko la samaki, hana mtoto hana mjukuu, au mvuvi wa zamani aliyezeekea mwaloni, pale ufukweni wanaposhushia samaki, hata kwao hapakumbuki, hapo makazi ndo jibu na wewe ndo unatakiwa kuanzisha. Nenda kwa mtendaji wa kata, eleza, fuatilia. Asipotambuliwa na mtu hawezi kujipeleka.

Kuna nyumba za mashirika ya dini na za watu binafsi huku na kule. Mkipata moja ulizeni imesajiliwa wapi, usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, wanapokea asiyeweza kujigeuza au wanataka anayetembea, wanaume wanaogeshwa na nani, akiugua usiku anapelekwa wapi na kwa gari gani. Afu ombeni kupita wakati wa chakula. Nyumba inayokataa ndugu kuingia mpaka siku maalumu, mi ningeondoka.

Kuhusu kusemwa kwamba mmemtupa mzee, sikilizeni, nimeona mzee "anayetunzwa nyumbani" anafungiwa chumbani kuanzia asubuhi, sahani ya ugali na dagaa sakafuni inzi wameshajaa, mpaka watu warudi kazini. Huyo yuko kwa watoto wake na hakuna anayewasema.

Kijana mwenye ulemavu ni hesabu nyingine

Watu wanamweka kapu moja na wazee. Mtu wa miaka 28 aliyevunjika uti wa mgongo ana miaka mingi mbele, akikaa chumba cha giza kwa mama yake anayezeeka, siku mama akianguka wanakuwa wagonjwa wawili. Kwake kijiji cha mbali kina mvuto mdogo, sababu anahitaji sakafu ya chini, barabara karibu, kiti kilichopimwa mwili wake sio cha kuokoteza, mto mzuri wa kukalia maana hahisi makalio yakiungua, na kufundishwa kujihamisha mwenyewe kitandani. Akishajua kujihamisha, nusu ya kazi ya mtu wa kulipwa inaisha.

Na atafutiwe cha kufanya. Mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 10 ni mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo 2 ni za watu wenye ulemavu, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii uliza masharti. Kutengeneza simu, kushona, kuuza vocha na miamala, kazi za kukaa zipo. Vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu vipo, kama Yombo Dar na Luanzari Tabora, kama yuko tayari kusafiri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inagusa afya, kazi, elimu mpaka majengo kufikika, kwa hiyo mkienda ofisini msiende kama waombaji.

Kwa mwenye ulemavu wa akili ambaye ni mtu mzima, swali gumu ni nani baada ya wazazi. Mpangeni mrithi wa malezi wazazi wakiwa hai, aanze kukaa naye wikendi, likizo, azoeleke. Asihamishwe siku ya msiba.

Mi ningechagua hivi

Kapooza juzi, ana nafuu ya kutegemea: akae mjini penye barabara karibu na mazoezi kwa miezi mitatu mpaka sita hata kwa kupanga chumba, ndugu wa kulipwa pamoja na nesi wa kupita, afu akishakaa na kusimama kidogo arudi kwake na kiti chake cha choo. Hii ya kugawa kwa muda familia nyingi hazifikirii, wanadhani uamuzi ni wa moja kwa moja mpaka kifo, ndo maana wanagombana.

Anatembea, kachoka tu na umri: kijijini, simu ya batani yenye namba tatu, mjukuu wa kulala naye, mtu wa kumpeleka kliniki ya presha kila mwezi. Msimlete mjini kwa ajili ya majivuno yenu.

Anasahau: palepale alipozoea, mjenge hata chumba cha mtunzaji ubavuni.

Hageuki, hatarajiwi kuinuka: popote penye watu watatu wazima wa kupokezana, iwe Nansio kisiwani iwe Nyakato mjini. Kama kwako mko wawili na wote mna kazi, usijitolee kishujaa mbele ya ukoo, sema hapana mapema, changia hela kubwa zaidi badala yake. Na kabla hujasema ndiyo muulize mkeo au mumeo mkiwa wawili tu, sio mbele ya wifi zake.

Kikao kikikaa, mtu mmoja ashike kalamu. Aandike majina ya wanaolala na mzee jumatatu mpaka jumapili, jina la anayepeleka kliniki, namba inayopokea hela na tarehe ya kutuma, na nani anaingia anayeshika zamu akiugua au kwenda msibani. Piga picha hiyo karatasi weka kwenye grupu, bandika na nyingine ukutani juu ya kitanda cha mzee, tena kwa herufi kubwa ili naye asome ajue leo anakuja nani.